Mfuko wa Maembe Makavu

Juzi nilipita Kibiti nikaona dukani maembe makavu, yamefungwa kwenye nailoni yenye picha. Nikacheka peke yangu mpaka muuzaji akanitazama. Nilinunua, na kabla sijafika nyumbani nusu ilikuwa imekwisha. Tabia hiyo, rafiki yangu, nilianza nayo nikiwa binti wa miaka tisa, na iliwahi kunitia aibu ambayo haijanitoka.

Tulikuwa Mbwera, kwenye visiwa vya delta. Baba alikuwa mwalimu kutoka bara, akahamishiwa huko pamoja na mkewe, mtoto wake mmoja na godoro. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Boti za mashine zilileta mafuta ya kopo, mitumba, biskuti, hata zabibu za paketi. Lakini mimi roho yangu ilikuwa nyumba ya pili, kwa bibi jirani na wali wake.

Bibi alikata maembe mabichi vipande vyembamba, akayapaka chumvi, akayaanika juu ya jamvi mpaka yakunjamane. Mrehani na mchaichai hakuvianika juani. Alivitundika chini ya paa la makuti, maana jua, alisema, hunywa harufu yote. Siku za wali wa embe nyumba nzima ilinukia. Chungu kikubwa kilikuwa cha wali mweupe. Kidogo, cha pembeni, ndicho kilichotiwa maembe na majani, kikapaliwa makaa juu ya kifuniko, na wali wake ukaliwa kwa kamba wa kuchoma. Nikifumba macho hata sasa nausikia ule moshi.

Maembe yalikaa kwenye mfuko wa marekani, kile kitambaa kizito cha pamba, juu ya uchaga wa jikoni. Masika huko kila kitu huota ukungu, kwa hiyo kila jua likichomoza kidogo yalipaswa kuanikwa upya. Kazi hiyo nilipewa mimi. Bibi aliwaambia wajukuu zake, "Nyie mna mikono mirefu. Mwana wa mwalimu haibi."

Basi mwana wa mwalimu akawa anakula. Vipande viwili leo, vitatu kesho. Sikuwa na njaa, ni ulafi tu. Mfuko ulipopungua niliupanga vizuri uchagani, nikajiambia msimu wa maembe hauko mbali. Ulikuwa mbali sana.

Kisha binti yake bibi, yule tuliyemwita dada, akashikwa na homa. Homa ilipoondoka, ikaondoka na hamu ya kula. Siku ya sita hakuwa na kitu tumboni ila maji ya madafu, na mikono yake ilikuwa imekonda hadi bangili zinateleza. Mganga wa zahanati alisema asipokula hatainuka. Mama yangu akapeleka zabibu. Dada akageuza uso. Jioni ile akasema kwa sauti ndogo, "Mama, nipikie ule wali wa embe."

Bibi akaniita. "Mjukuu wangu, nitelemshie mfuko."

Niliutelemsha. Akaingiza mkono, akautoa mtupu.

"Umekula yote?"

"Yote, bibi."

Akaukunjua mfuko, akautazama ndani. Nilitamani anipige. "Na chumvi yake hivyo hivyo?"

"Na chumvi yake."

"Kumbe kula unajua," akasema, akavuta bakuli.

Akaugeuza mfuko ndani nje, akauloweka kwenye maji ya moto, akaukamua, akauloweka tena. Maji yakatoka ya kahawia, na uchachu wake ukanipiga puani. Akapikia wali kwa maji hayo, akatia mrehani, akapalia moto. 

Dada alikula tonge moja, akala la pili. Akamaliza sahani. Ndipo akauliza, "Vipande viko wapi?"

"Vimeyeyukia humo," bibi akajibu bila kunitazama. "Mwaka huu maembe yalikuwa machanga."

Nilitoka nje nikalia. Hakumwambia mtu, hata mama yangu. Tulipohamishwa alinipa mfuko ule ule, umejaa, akaniambia nile taratibu.

Bibi hayupo siku nyingi. Wanasema hata pale alipotandaza jamvi kijito kimepamega, maji yanapita. Dada yupo, ana wajukuu, na nikimwona nashindwa kumweleza.

Juzi hiyo nilipika wali kwa yale maembe ya dukani yaliyosalia. Wanangu waliisifu harufu yake wangali wanausubiri. Mimi niliisikia ina pengo. Nikaenda sandukuni nikautoa mfuko wa marekani, nikauloweka kwenye maji ya moto, nikaukamua kama alivyoukamua yeye. Maji yakatoka meupe. Nikayaonja, yalikuwa maji tu.

Nikayamimina chunguni hivyo hivyo.