Jibini Arobaini za Odense

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika kwenye kiwanda kidogo cha maziwa, huko juu kwenye milima ya Masisi, nikiwa nimevaa kitenge changu cha kanisani. Chef, yaani mkuu wa kiwanda, alinitazama toka kichwani hadi miguuni, akanipa buti za mpira na aproni. Kisha akachovya kipimo chake ndani ya bidoni, dumu la maziwa.

"Mama, hapa hatuamini macho," akasema. "Muntu anaweza kuleta maziwa yenye iko na mayi, na wewe unaona ni muzuri. Kipimo njo itakuambia."

Nilijifunza kupasha maziwa moto taratibu, kutia prezure, yaani dawa inayoyagandisha, kukata ule mgando kwa visu virefu na kuukandamiza ndani ya kalibu mpaka maji yatoke. Wanaume watatu niliowakuta pale walisema nitashindwa kabla ya Pasaka. Mwaka wa tano Chef akaniita ofisini. Mradi mmoja ulikuwa umetoa nafasi ya masomo ya miezi kumi katika mji wa Odense, nchini Denmark.

"Ni wewe unaenda," akasema. "Ukirudia mbele ya kumaliza, hawatatuma tena muntu wa huku."

Nilimwachia mume wangu binti yetu Neema, mwenye miaka minne, nikaenda.

Nisiwadanganye, ninyi vijana mnaohangaikia bourse za kusoma ng'ambo: nilikonda. Asubuhi ya kwanza niliwaamkia watu wote kwenye kituo cha basi. Mmoja tu aliitikia, naye kwa wasiwasi. Masomo nilifuata kwa Kiingereza cha kuokoteza, na Kifaransa nilizungumza na Directrice, mkuu wa chuo, peke yake. Kila Jumapili mume wangu alipanda kilima kutafuta mtandao, na Neema aliuliza swali lile lile: "Mama, utakuya kesho?" Baada ya hapo niliacha chakula kwenye sahani.

Mwezi wa tatu nikafanya upumbavu. Kwetu, kibuyu cha maziwa hufukizwa kwa moshi wa nyasi kavu kabla ya kugandishia maziwa ndani yake, na harufu hiyo hubaki mdomoni. Niliitamani kama mjamzito. Nikachukua bidoni la chuo, nikalifukiza nyuma ya ghala, nikatia maziwa na kuyaweka kwenye chumba baridi bila kuandika chochote juu yake. Mwanafunzi mwenzangu akadhani ni maziwa ya darasa, akayamimina kwenye pipa kubwa. Pipa zima likanuka moshi, ikabidi limwagwe.

Directrice hakupiga kelele. Alifungua droo. "Tikiti yako ya kurudi hii hapa. Ukitaka, keshokutwa unaondoka. Hakuna atakayekulaumu."

Ndilo jambo nililokuwa nikiliombea kila siku. Lakini lilipowekwa mezani nilimwona akilini Chef wangu akiwaeleza wale wanaume watatu kwa nini nimerudi, nikaona aibu mpaka nikalia.

"Nipe adhabu nyingine," nikamwambia.

Akanipa ufunguo wa kave, chumba baridi cha kuivishia jibini. Mlikuwa na jibini arobaini, mpya na laini bado. Kila asubuhi, kwa miezi mitatu, nizigeuze na kuzisugua kwa maji ya chumvi. "Zikioza ni zako," akasema. "Zikiiva, pia ni zako."

Wiki za kwanza nilizigeuza kwa hasira. Kisha nikaanza kuzifahamu: hii inapasuka ubavuni, ile inaota ukungu, ile ya karibu na mlango inakauka upesi. Nikajikuta naharakisha mwendo asubuhi ili nikazione. Jumapili moja Neema aliuliza swali lake, nikamjibu, "Mama anangoya fromaji yake iive, kisha anakuya." Siku hiyo nilimaliza sahani. Mwanangu sikuacha kumkumbuka hata siku moja, ila sasa palikuwa na kitu cha kungojea pale pale nilipokuwa, na siku zikaanza kusogea. Tulipozikata jibini, ni tatu tu zilizokuwa zimeharibika.

Nilirudi na cheti. Nikafanya kazi chini ya Chef yule, kisha chini ya mwingine, nikatumwa Kashebere kufungua kituo cha kupokea maziwa, na mwishowe nikakalia mimi kiti cha Chef hadi nilipostaafu. Vijana huniuliza dawa ya kukumbuka nyumbani, wakidhani ni ugonjwa wa wanaopanda ndege. Vita vilipotufukuza mlimani, nikiwa mstaafu tayari, tulikimbilia mji wa Mweso. Nilikumbuka nyumbani kuliko nilivyokumbuka nikiwa Odense, ingawa kilima chetu tulikiona kwa mbali.

Nikamwomba mama mmoja wa parokia kipande cha shamba, nikapanda maharagi. Jirani yangu, mkimbizi kama mimi, akashangaa. "Mama, unapanda huku? Sasa hatutarudia?"

"Tutarudia," nikamjibu, nikaendelea kupalilia.

Maganda yalipoanza kuwa ya manjano, habari ilifika kwamba njia ya kwetu imefunguliwa. Kabla sijavaa viatu, mume wangu alikuwa amekwisha kufunga godoro kwa kamba na kulitia kichwani, akasimama mlangoni akinisubiri. Nilikitamani kile kilima kuliko hata yeye.

"Papa Neema," nikamwambia, "weka kwanza chini ile godoro. Maharagi bado haiyakauka."