Shibiri Moja Kutoka Sanduku la Barua

Saa tatu na robo asubuhi, Jumatatu. Virpi Moilanen ameketi kwenye kiti cha abiria na gari linakwenda. Kiti cha dereva kitupu. Mkono wake wa kushoto umeshika usukani, mguu wa kushoto umevuka katikati ya gari hadi kwenye pedali, na mkono wa kulia unatoka dirishani kutumbukiza gazeti na bili ya umeme kwenye sanduku la barua. Nje ni nyuzi kumi na tisa chini ya sifuri.

Katika vijiji vya Saarivaara, mkoani Kainuu nchini Finland, hakuna anayegeuza shingo. Usukani uko kushoto, masanduku yako kulia, na kazi lazima iende. Virpi, mgawa barua mwenye umri wa miaka hamsini na saba, ana masanduku 214 kwa siku. Amefanya hivyo miaka kumi na tisa, na nyonga yake haijasahau hata mwaka mmoja.

Wiki hii ana kazi ya ziada. Gari lake limeliwa na kutu chini, na mkaguzi amempa hadi Ijumaa. Mkataba wake unasema gari ni juu yake. Akilikosa, njia anapewa mwingine.

"Akiba yangu ni euro elfu tano na mia nne," anasema huku akiuma mkate wake wa shayiri. "Nikikosea, sina ya kukosea mara ya pili."

Amebakiwa na magari mawili madogo ya kuchagua. Jeupe liko kwenye yadi mjini, limetembea kilomita elfu sitini, na bei yake karibu inamaliza akiba. Jekundu ni la Aune Tervo, mjane wa miaka themanini na mitatu, mwenye sanduku namba 147. Lina kilomita mara mbili ya hizo, na anataka euro elfu nne. Macho yamemkatalia kuendesha.

Shemeji yake Virpi, Ossi, fundi mstaafu asiyesifu kitu, alishaamua kabla hawajatoka nyumbani. "Jeupe," alisema. "Lile la bibi ni mbuzi kwenye gunia."

Jumanne mchana walikuwa yadini. Ossi alilala chini ya gari jeupe, akainuka bila neno, jambo ambalo kwake ni sifa kubwa. Virpi yeye alifungua mlango wa kulia akaketi.

"Mama, usukani uko upande huu," muuzaji alimwambia kwa upole.

"Najua uliko," alijibu Virpi. "Nasubiri kuona kama na wenyewe unajua niliko mimi."

Katikati ya viti palikuwa na kisanduku kikubwa cha plastiki, chenye pa kuwekea vikombe. Mguu wake ulikipanda kwa shida, kama mtu anayeruka ua la jirani. Hata hivyo aliomba alipeleke hadi penye masanduku ya mtaa ule, akalisimamisha kando ya sanduku moja na kunyoosha mkono dirishani. Kisanduku cha katikati kilimzuia kusogea, na vidole vilikomea hewani, shibiri moja kutoka kwenye sanduku la barua.

"Si unashuka tu, unatia barua, unarudi?" muuzaji alipendekeza.

"Mara mia mbili na kumi na nne?"

Virpi hakumlaumu muuzaji. Alikuwa amevaa viatu vya ofisini.

Jumatano saa nane mchana walifika kwa Aune. Gari jekundu lilikuwa uani, na sakafu yake katikati ilikuwa tambarare, gia ikiwa kwenye dashibodi. Virpi aliteleza kutoka kiti hadi kiti bila kugusa kitu. Dirisha la kulia lilikuwa la kuzungusha kwa mkono, lile ambalo baridi haiwezi kulikwamisha. Alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu.

Ossi aliweka kiganja kwenye boneti, akakunja uso. Ilikuwa na joto. Waya wa hita ya kupasha injini ulikuwa umechomekwa kwenye soketi ya uani tangu alfajiri.

"Wageni wanakuja, nikaliwashia hita," alisema Aune. "Mtu hampi mgeni gari baridi."

"Mama Aune, injini iliyopashwa haisemi ukweli," alisema Ossi.

Bibi yule aligeukia mlango wa nyumba. "Basi chomoa," alisema. "Kahawa ipo."

Kosa, Virpi anakiri, lilikuwa lake. "Nilimtajia saa ya kuja. Ukimtajia mtu wa huku saa, lazima atapasha gari."

Walikaa jikoni saa tatu nzima wakisubiri chuma kipoe. Aune alimmiminia Ossi kahawa kwa adabu zote, lakini sahani ya mkate mtamu wa iliki ilimpita kila mara. Ossi aliangalia dirishani. Virpi aliogopa kwa dhati, maana zilikuwa zimebaki siku mbili na gari la tatu halikuwapo.

Giza lilikuwa limeshaingia Virpi alipogeuza ufunguo. Kimya. Mara ya pili, likakohoa likanyamaza. Mara ya tatu likawaka, likatetemeka, likatulia.

"Linakohoa," alisema Ossi.

"Hata mimi nikiamka nakohoa," Aune alijibu, "na hakuna aliyenipeleka ukaguzi."

Ossi alisikiliza dakika kumi nzima, kisha akasema betri ibadilishwe, mengine yatavumilika. Waliporudi ndani, sahani ya mkate ilikuwa mbele ya kiti chake.

Ijumaa gari jekundu lilimaliza njia yake ya kwanza, dakika arobaini kabla ya muda wa kawaida. Virpi alitaka kuzitumia kupanda njia ya Aune, mita mia nane za kilima, ampelekee barua mlangoni. Sasa bibi huyo hana gari, na huteremka barabarani kwa sleji, kiti cha kuteleza thelujini kinachosukumwa kwa mguu.

Aune alikataa. "Nikiletewa mlangoni, nitatoka kwenda wapi?" aliuliza. "Acha hapo hapo sandukuni. Ila siku ukikuta barua ya jana bado imo, ujue sikuweza kushuka; panda."

Virpi anastaafu baada ya miaka minane, na anatumaini gari hili litamfikisha. Pesa iliyobaki ameitumia kununua betri na matairi mapya yenye misumari ya kushika barafu, ya bei ya juu kuliko anayohitaji kwenye barabara kuu iliyosafishwa.

"Nimeyanunua kwa ajili ya kile kilima," anasema Jumatatu inayofuata, akifungua sanduku namba 147 na kuchungulia ndani. Ni tupu. Anatumbukiza gazeti la leo. "Natumaini yatachakaa bila kukipanda."