Gari la Kuegeshwa Mteremkoni

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, na kila nikiikumbuka napandwa na hasira. Najikasirikia mwenyewe, lakini leo na wewe utapata sehemu yako, maana nimekuona pale stendi ya Msamvu ukiita watu wakusukumie gari, na unacheka.

Enzi za vijiji vya ujamaa nilikuwa dereva wa kijiji chetu, huku milimani juu ya Mkuyuni. Gari lilikuwa moja, kuukuu, na juu yake tulifunga kipaza sauti cha kuwaita watu kwenye shamba la pamoja. Waya wake niliuunga mwenyewe moja kwa moja kwenye betri, bila fyuzi, ili niweze kutangaza hata nikiwa nimechomoa ufunguo. Nilijiona bingwa kweli.

Baada ya hapo betri ikaanza kufa. Mtu mwenye akili angetafuta moto wa betri unakwenda wapi. Mimi nilitafuta mteremko, na kwetu mteremko haukosekani. Nikawa naegesha juu, mbele ya ofisi ya kijiji, na jiwe chini ya tairi. Asubuhi naondoa jiwe, gari linashuka, natia gia, linawaka. Mwenyekiti akiniuliza hali ya gari, namjibu ni zima. Nilidanganya hivyo miezi minne, mchana kweupe, bila haya.

Asubuhi hiyo Hamisi, jirani yangu, alikuja mbio. Mkewe Mwanaidi alikuwa na uchungu tangu jana yake, na mkunga alisema hilo si la nyumbani tena, apelekwe hospitali Morogoro. Tukamlaza nyuma ya gari. Nikaondoa jiwe, tukashuka, nikatia gia. Kimya. Nikajaribu tena pale chini, kimya. Jioni ya jana yake nilikuwa nimetangaza mavuno nikasahau tena kuzima kipaza sauti, safari hii usiku kucha, na betri ilikauka kabisa. Gari lisilo na moto hata chembe halina cha kuwasha plagi, ulisukume mpaka kesho.

Tulikuwa tumefika bondeni, kwenye tope, mbali zaidi na nyumba kuliko tulipoanzia. Wanaume walikuwa shambani, wale wale niliowaita mimi. Hamisi alisukuma peke yake mpaka akaanguka. Hatimaye watu wakapatikana, wakambeba Mwanaidi kwa machela hadi Mkuyuni, akapata lori. Yeye alipona. Mtoto alizaliwa njiani na hakulia.

Baadaye nilimleta fundi kutoka mjini, mzee mmoja mpole. Nilimpa shikamoo, akaitikia, akainama kazini. Alifunga betri yenye moto aliyokuja nayo, akachomoa waya wake mmoja, akaweka balbu ndogo kati ya waya huo na betri. Kila kitu kilikuwa kimezimwa, ila swichi ya kipaza sauti nilikuwa sijaigusa tangu siku ile. Balbu ikawaka. Akachomoa fyuzi moja moja, bado inawaka. Akafuata waya wangu kwa kidole, akaukata, balbu ikazimika. Hata kahawa niliyomwagizia ilikuwa haijapoa.

Akaniuliza nimekuwa nikilishusha mteremkoni muda gani. Nikamwambia. Ule upole wote ukamtoka.

"Miezi minne ulikuwa unamficha nani?" akasema. "Gari limekwambia kila siku linaumwa, wewe ukaliziba mdomo. Usiniite fundi tena kama hutaki kusikia."

Na Hamisi, mpaka anaingia kaburini, hakunitukana hata neno moja. Afadhali angenipiga.

Sasa wewe, betri ya tatu hiyo unanunua, na hujawahi hata siku moja kufungua boneti kutafuta kinachoila. Unanichefua. Gari kuukuu likigoma asubuhi, usitafute mteremko wala watu wa kusukuma. Zima kila kitu, weka balbu, chomoa fyuzi moja moja, kisha fuata kila waya ulioongezwa na mikono ya watu, wako ukiwa wa kwanza. Kama bado hujaona tatizo, sema wazi kwamba gari ni bovu, ili mwenye mgonjwa atafute njia nyingine mapema. Ningesema neno hilo moja tu, Hamisi angeanza safari ya machela tangu jana yake.

Haya, nenda. Mungu akulainishie moyo ukubali kosa likiwa bado dogo, akulinde kwenye kona za milima hii, na kila utakayempakia umfikishe akiwa hai.