Zimwi Nililolitazama Nikiwa Edani

Siku ya ishirini na mbili ya eda yangu niliona zimwi likila mahamri. Ilikuwa saa nne za asubuhi, katika ua wa jirani yetu hapa Likoni, unaotazamana na dirisha la chumba changu. Mwili wake ulikuwa wa nyavu kuukuu zilizoshonewa makumbi ya nazi. Kichwa kilikuwa gunia, na mdomo mdogo kuliko ulivyopaswa kuwa, kwa hiyo kila hamri lilimegwa na kuingizwa vipande vipande. Nilichokitazama kwanza ni mshono. Mabega yalikuwa kombo.

Mimi ni mshonaji. Niliacha shule darasa la saba, na mengi niyajuayo nimeyajua kwa kufumua vitu nione jinsi vilivyoungwa: kwanza nguo za watu, kisha cherehani, kisha vitabu, sentensi kwa sentensi. Mume wangu alipofariki nilikaa eda kama ilivyo ada yetu, miezi minne na siku kumi bila kutoka, bila manukato, bila kuonekana na wanaume wasio maharimu wangu. Wifi yangu, dada mkubwa wa marehemu, alihamia kwangu kunitunza na, bila kulisema, kunilinda. Majuma ya kwanza nililia na kusoma Kurani. Baadaye nikaanza kutazama nje, na kwa kuwa siwezi kutazama bila kuandika, nikafungua daftari.

Mama wa nyumba ile, shoga yangu wa miaka mingi, ndiye aliyenieleza habari za zimwi. Mwanawe, mtu mzima mwenye mke, hupiga video za harusi. Mwaka uliotangulia alikuwa ametengeneza filamu ya zimwi litokalo kisimani, ikazunguka kwenye simu za watu mpaka Ukunda, na sasa alikuwa kwenye sehemu ya pili. Humo, mtu aliyevunjwa miguu na zimwi hawezi tena kutoka nyumbani. Kutwa yuko dirishani akiwachungulia majirani, na siku moja analiona zimwi likiingia nyumba ya pili. Hawezi kumwambia yeyote, kwa sababu kusema aliloliona ni kukiri kwamba huchungulia.

Nilimwomba anirudie hilo la mwisho.

Nikawatazama wakipiga filamu juma zima, pazia nikilifungua upana wa vidole viwili tu, na nikaliona kosa. Zimwi liliingia uani polepole, mpiga video akirudi kinyumenyume mbele yake. Kisha kamera iligeuka kuwaonyesha waliosimama kando, mmoja mmoja, halafu ikarudi kwa zimwi na kutulia usoni pake. Ndivyo anavyoingizwa bwana harusi. Vilikosekana vigelegele tu.

"Mwambie mwanao zimwi halipokewi," nilimwambia shoga yangu.

Alicheka mpaka akashika mlango. Siku ya pili alirudi na habari kwamba mwanawe alinuna kutwa, kisha akaitazama kazi yake upya na kuona ni kweli. "Sasa yuwauliza, mtu asiyetoka ndani huona nini?"

Nikampelekea kurasa mbili kutoka daftarini. Niliandika kwamba mtu wa dirishani haoni mambo makubwa, huona mabadiliko: ndoo iliyohama, mlango ambao jana ulifunguliwa mapema na leo bado, paka anayezunguka pahali badala ya kupita katikati kama desturi yake. Zimwi lisionyeshwe sana. Kionyeshwe lilichokisogeza.

Akafanya hivyo, na tangu hapo nikawa naingoja saa nne.

Juma la kumi na moja shoga yangu alikuja na simu ya mwanawe. Alikaa kitandani pangu muda mrefu akizungumzia mafua ya wajukuu, ndipo akanionyesha. Kamera ilikuwa imelenga ukuta wetu mtupu. Pembeni, dirishani, pazia linafunguka kidogo. Vidole viwili, jicho, nusu ya shavu. Mkono unasita, kana kwamba mwenyewe amesikia kitu, kisha pazia linafungwa. Niliitazama mara tatu kabla ya kukubali kuwa yule ni mimi.

"Asema filamu nzima hana picha ya kutisha kama hii," shoga yangu alisema. "Lakini haitumii bila radhi yako."

Wifi alikuwa amesimama mlangoni na ameiona yote. "Mwataka watu waseme ndugu yangu udongo wa kaburi haujakauka, mkewe yuko dirishani achungulia wanaume?"

Jicho lile lingetambuliwa na kila mwanamke wa mtaa wetu, na maneno yasingeishia kwangu, yangemfuata na marehemu. Wakati huohuo nilijua picha ile ina nini, maana hata mimi ilinisisimua mwili. Nikasema aifute.

Aliifuta mbele ya mamake, na akaniletea salamu nisione haya. Kwenye kazi ya harusi, mwanamke akisema hataki kuonekana huondolewa, wala haulizwi sababu.

Eda ilipokwisha nilioga, nikavaa dera jipya, nikaenda kuwaamkia wazee wa mume wangu. Kisha nikaenda kwa jirani. Nilimwambia mpiga video kwamba dirisha ni langu na vidole ni vyangu. Uso nitaufunika, na sasa sina katazo, kwa hiyo turudie. Wifi hakupinga. Alikaa uani kwenye mkeka na shoga yangu, wakatazama.

Tulirudia mara kumi na nne. Vidole vilitoka vizuri mno. Kila niliposita, nilisita kama mtu aliyeambiwa asite. Mpiga video alinitaka nijaribu polepole, kisha haraka, kisha akaacha kunielekeza. Mwisho alichagua ya sita.

Siku ya pili ya Idi wanawake tulijazana sebuleni kwa shoga yangu kuitazama filamu kwenye televisheni. Ndoo iliyohama iliwatisha, mmoja akamkamata mwenzake mkono. Vidole vyangu vilipotokea, binti mmoja aliuliza kama huyu auza mapazia. Chumba kizima kikacheka. Mpiga video alikuwa nyuma ya mlango akisikiliza, na biriani ilipopakuliwa hakuonekana.

Wifi aliniinamia. "Ile uliyoifutisha haikuwa hivi."

"Haikuwa."

"Ilikuwa na nini?"

Swali hilo nilikuwa nimelifumua siku nyingi. "Siku ile nilisikia miguu yako yaja ukumbini," nilimwambia. "Niliogopa utanikuta."

Alilitazama zimwi likipita kwenye televisheni.

"Basi si mngenambia," alisema. "Ningekuja nikatembea ukumbini."