Kadi za Bi Koivisto

Bi Marlys Koivisto alikuwa mshauri wa wanafunzi katika sekondari yetu ya Ostrand, kaskazini mwa Minnesota, kwa miaka ishirini na sita. Ofisi yake ilibanwa kati ya chumba cha boila, mtambo wa kupashia shule joto, na mlango wa uwanja wa hoki ya barafuni, kwa hiyo upande mmoja palikuwa na joto na upande wa pili palikuwa na baridi. Mwanafunzi aliwekwa upande wa baridi. Alisema ni ili mtu asisinzie wakati maisha yake yanajadiliwa. Jioni za mechi ndiye aliyekata tiketi getini, na hakumpunguzia mtu bei, hata mchungaji. Kila Juni alitoweka wiki mbili. Watu walidhani anakwenda kwa dada yake Duluth.

Mimi nilikuwa mmoja wa wanafunzi mia mbili na kitu waliokuwa kwenye orodha yake, na sikuwa wa kuonekana kwa urahisi. Nilikula chakula cha mchana maktabani. Darasani nilijua majibu mengi lakini sikunyoosha mkono. Nadhani nilikuwa nimezungumza naye mara tatu tu hadi mwaka wa mwisho, aliponiita ofisini mwezi Septemba na kuniambia, "Hrovat, kaa. Unaomba wapi mapema?"

Hilo ndilo lilikuwa swali la mwaka huo, 1998. Vyuo vinavyochagua sana vilikuwa na njia ya kuomba mapema. Unachagua kimoja tu. Unatuma ombi katikati ya Novemba, na jibu linakuja Desemba, wakati wenzako bado hata hawajamaliza kujaza fomu. Wanaoomba hivyo ni wachache na nafasi yao ni kubwa zaidi, ila kuna sharti: wakikukubali, umekwenda. Unaviandikia vyuo vingine vyote kwamba hutakuja. Fomu ina sahihi tatu, yako, ya mzazi na ya mshauri.

"Eastmoor," nilimjibu.

Kila mtu alitarajia Eastmoor. Kilikuwa chuo cha majengo ya mawe, kule Massachusetts, na jina lake lilipotajwa walimu wangu walishusha sauti kidogo. Nilikuwa nimebandika picha ya maktaba yake ukutani juu ya kitanda. Hakuna mtu wa Ostrand aliyewahi kwenda huko.

"Na vingine?"

"Chuo kikuu cha jimbo. Na Brandt."

Brandt kilikuwa chuo kidogo huko Iowa, katikati ya mashamba ya mahindi. Nilikwenda mara moja na basi la shule, majira ya kuchipua. Wenzangu walitembezwa kwenye mabweni na ukumbi wa mazoezi. Mimi niliteremka ghorofa ya chini ya maktaba yao kuangalia kitabu kimoja, na waliponikuta basi lilikuwa limenisubiri kwa saa nzima, nami sikuwa nimekula.

Bi Koivisto hakusema Eastmoor ni pazuri wala pabaya. Alinisukumia karatasi tatu nyeupe.

"Sitii sahihi mpaka uniletee barua tatu. Kila chuo kiandikie kana kwamba umekubaliwa kwingine na unakiaga. Kwa mkono. Ile itakayokushinda kuandika, huko ndiko unakotaka kwenda. Nimewapima watoto hivi tangu kabla hujazaliwa."

Wote tuliokuwa tukiomba vyuo vya mbali tulipitia barua hizo. Kuna mvulana mmoja wa hoki aliyekaa wiki mbili na barua ya Wisconsin mpaka akalia. Mimi nilizimaliza siku moja, baada ya masomo. Zilikuwa nzuri. Nilizipenda. Bi Koivisto alizisoma zote tatu, akavua miwani na kucheka mpaka akakohoa.

"Umeniharibia kipimo," alisema. "Wewe unaweza kumuaga mtu kwa maandishi hata kama unampenda. Kila mstari umekaa mahali pake. Nitajuaje sasa?"

"Samahani, Bi Koivisto."

"Usiombe samahani kwa kuandika vizuri. Zitunze, tutaona. Baba yako anasemaje?"

Baba yangu, Rudy Hrovat, aliendesha lori la mgodi, yale malori ambayo gurudumu lake moja ni refu kuliko mtu. Alikuwa mwakilishi wa chama cha wafanyakazi kwenye zamu yake. Alikuwa amepitia migomo miwili, na katika ule wa kwanza mama yangu alikuwa na mimba yangu. Mtu kama huyo hatii sahihi karatasi inayomfunga kabla ya kuona upande wa pili unatoa nini. Nilipomwonyesha fomu mezani aliisoma mara mbili, akaigeuza kuona kama nyuma kuna kitu, akanirudishia.

"Hapana, profesa." Aliniita hivyo tangu nina miaka sita. "Hii inasema wakikutaka, umekwenda, bila kuona wengine wanatoa nini. Kampuni ingetuletea karatasi kama hii tungeichoma uwanjani."

"Lakini Baba, si kampuni."

"Anayekuomba sahihi kabla ya kukuonyesha hesabu ni kampuni. Omba kama watu wote, mwezi wa Januari."

Sikubishana. Sikujua kubishana. Nilikwenda chumbani nikaitazama picha ya Eastmoor, nikajua kwamba Januari ningekuwa jina moja kati ya maelfu, na sikuwa mtu wa kuonekana kati ya maelfu.

Bi Koivisto alimpigia simu mara mbili. Mara ya kwanza Baba alikuwa kazini. Mara ya pili alitaka aambiwe yuko bafuni, naye alikuwa amesimama hapo hapo jikoni. Kisha msimu wa kuwinda kulungu ukafunguliwa, Jumamosi ya kwanza ya Novemba, na huwezi kumpata mtu yeyote Ostrand siku hiyo. Shule ilifungwa tangu Ijumaa. Kanisa lilifanya ibada yake mapema. Mji mzima ulivaa rangi ya machungwa ya wawindaji na kuingia msituni.

Kambi yetu ilikuwa kibanda kimoja chenye jiko la kuni, maili tisa kutoka barabarani. Nilikwenda na Baba kila mwaka, ingawa sikupiga risasi. Nilisoma kitabu na kutunza moto. Jumapili mchana tulikuwa ndani, Baba akisafisha bunduki yake mezani, mimi nikikata mkate wa kokwa za jozi aliouoka bibi, tuliposikia miguu kwenye theluji. Mlango ukagongwa. Alikuwa Bi Koivisto, amevaa rangi ya machungwa kuanzia kofia mpaka suruali, bunduki begani, pua nyekundu.

"Marlys!" Baba alisema. "Hata huku?"

"Huku huwezi kusema uko bafuni, Rudy, nikadhani leo nitakupata."

"Umetembea kutoka barabarani?"

"Nimetembea kutoka kambi ya kaka yangu. Maili nne. Nimepishana na dume la kulungu la pembe kumi nikamwacha apite, kwa sababu yako, kwa hiyo nipe kahawa na usinijibu vibaya."

Baba alimimina kahawa. Huwezi kumfukuza mtu aliyeacha dume la pembe kumi. Bi Koivisto alikaa, akanywa nusu kikombe, akatoa fomu ndani ya koti.

"Kwanza soma mstari huu." Aliuwekea kidole. "Msaada wao wa fedha usipotosha, mtoto anatoka bila deni na bila lawama. Mlango huo umo kwenye mkataba wenyewe. Niliwapigia simu wote wawili kuhakikisha."

Baba alisoma. Midomo yake ilikuwa ikitembea, kama alivyosoma mikataba ya chama. Alisoma tena. "Huu sikuuona," alisema taratibu.

"Ni maandishi madogo."

"Wote wawili nani?"

"Eastmoor na Brandt. Kwa sababu sijui bado anataka wapi, na nadhani yeye pia hajui. Hrovat, barua unazo?"

Nilikuwa nazo. Nilizitumia kama alama kwenye kitabu nilichokuwa nikisoma.

"Msomee baba yako. Kwa sauti."

Ningependelea kwenda nje na kulala kwenye theluji. Sauti yangu haikuzoea kutoka mbele ya watu, hata mbele ya Baba. Lakini wote wawili walikuwa wakinitazama, kwa hiyo nilisimama karibu na jiko nikaanza. Chuo kikuu cha jimbo kilikwisha haraka. Kisha Brandt. Kisha Eastmoor, na hapo sauti ilipanda yenyewe, maana ile ndiyo iliyokuwa na sentensi ndefu nilizojivunia.

Nilipomaliza, Baba alikuwa bado ameshika kitambaa cha mafuta.

"Hii ya mwisho umeisoma kama uko kwenye mashindano," alisema. "Nzuri sana. Lakini ile ya pili, ya wale wa mahindi. Huko unakwenda au huendi?"

"Siendi. Ni barua ya kuaga, Baba."

"Hujasema."

"Nimesema."

"Profesa, ninasikiliza watu kwenye meza ya majadiliano miaka kumi na tisa. Umewashukuru, umewaambia habari za hiyo maktaba ya chini na taa zake, halafu umesema 'Wako mwaminifu'. Hujasema huendi."

Nilitazama karatasi. Mstari ulikuwepo, kwa mwandiko wangu, peke yake katikati ya ukurasa: *Kwa hiyo sitakuja.* Nilikuwa nimeuruka. Sikujua kwamba nimeuruka.

Kuni zilipasuka ndani ya jiko. Bi Koivisto alikuwa akimtazama Baba, si mimi, kwa macho ya mtu aliyeonyeshwa kazi yake mwenyewe ikifanywa na mwingine vizuri zaidi.

Hatimaye Baba aliuliza, "Na wewe Marlys, hao Brandt unawajua, au ni hizi picha za kwenye karatasi zao?"

Bi Koivisto aliingiza mkono ndani ya koti tena akatoa kadi ya manila, ya ukubwa wa kiganja, imeandikwa pande zote mbili kwa penseli. Alimpa Baba. Baba aliisoma, kisha akavua kofia yake ya machungwa na kunipa mimi kadi. Bado ninayakumbuka maneno yake:

*Brandt. Juni 1991, siku mbili, masomo ya kiangazi. Ukumbi wa chakula: meza ndogo dirishani, upande wa saa ya ukutani. Msichana alikula peke yake na kitabu, siku zote mbili. Hakuna aliyemhurumia, hakuna aliyemcheka. Mpishi alimwita kwa jina. Kiti cha kushoto kinalia. Maktaba: viti vya chini vimechakaa kuliko vya juu, yaani wanasoma kweli. Mtu mkimya hapa hatapotea.*

"Ulikwenda?" Baba aliuliza.

"Kwa basi. Nakwenda kila Juni. Nakaa kwenye ukumbi wao wa chakula na sandwichi yangu na kutazama nani anakula na nani. Mengine yote wanaweza kukudanganya. Chakula cha mchana hawawezi."

"Vyuo vingapi?"

"Sitini na moja."

"Nani anakulipia?"

Bi Koivisto alimtazama kama ameuliza nani analipia theluji. "Rudy, nitampeleka vipi mtoto wa mtu mahali ambapo sijala?"

Nilisimama pale na kadi mkononi. Mwaka 1991 nilikuwa na miaka kumi. Mwanamke huyu alikuwa amepanda basi usiku na mchana, akakaa kwenye kiti kinacholia mahali ambapo hamjui mtu, akaandika kwa penseli habari za msichana asiyemjua, kwa ajili ya msichana mwingine ambaye hakuwa amemjua bado. Na alikuwa amefanya hivyo mara sitini na moja. Sisi tulidhani yuko Duluth.

"Kadi ya Eastmoor ipo?" nilimuuliza. Sauti yangu ilitoka ndogo.

"Ipo. Wazuri pia. Unaitaka?"

Nilifikiri. Nilitikisa kichwa kukataa.

Baba alisukuma bunduki pembeni, akafuta mikono kwenye suruali, akaandika jina la Brandt mahali pa chuo kwa herufi kubwa, akatia sahihi. Kidole gumba chake kiliacha alama ya mafuta ya bunduki kwenye pembe. Bi Koivisto alisema hawatajali. Mimi nilitia sahihi wa pili na yeye wa tatu, halafu akamega kipande cha mkate wa jozi, akachukua bunduki yake, akarudi maili zake nne. Baba alisimama mlangoni mpaka ile rangi ya machungwa ikapotea kati ya miti.

Jibu lilikuja Desemba, na msaada ulitosha. Baba aliukagua mstari kwa mstari.

Siku yangu ya kwanza Brandt nilichukua sinia langu na kutafuta saa ya ukutani. Meza ilikuwa pale, dirishani, na haikuwa na mtu. Nilikaa kiti cha kushoto. Nilifungua kitabu. Watu walipita, wengine walinisalimia kwa kichwa na kuendelea. Siku ya nne mpishi aliniuliza jina, na ya tano alilitumia.

Wiki hiyo nilinunua kadi ya manila dukani nikamwandikia Bi Koivisto, kwa penseli, ili aitie kwenye sanduku lake la kadi nyuma ya ile ya kwanza: *Brandt. Septemba 1999. Meza ipo. Wanaita kwa jina bado. Kiti kimetengenezwa, hakilii tena.*