Bibi Alipojifunza Kutema Kahawa

Juzi ofisini kwetu Kaloleni yalitangazwa mafunzo ya mfumo mpya wa kompyuta. Mwenzangu akaguna, "Sisi tumeshazeeka, waende vijana." Mimi nikajiandikisha wa kwanza. Rafiki yangu, ningekataa kwa uso gani, mimi niliyelelewa na bibi yule?

Bibi aliosha kahawa miaka mingi katika kiwanda kidogo cha wakulima, huko kwetu mlimani Meru. Alirudi jioni vidole vimekunjamana kwa maji, vinanukia maganda mabichi, akaingia jikoni kutupikia ndizi. Kahawa yenyewe hatukuinywa. Ilikuwa ya kuuza; sisi tulikunywa chai.

Siku moja uongozi ukaamua kila mwoshaji ajue kuonja kahawa na kutambua iliyoharibika, na asiyefaulu mtihani akapumzike nyumbani. Mwalimu, kijana kutoka mjini, akawaonyesha: unaivuta kahawa kijikoni kwa kelele, unaizungusha mdomoni, unaitema kwenye ndoo. Bibi aliona aibu mno. Utatemaje kinywaji mbele ya aliyekukaribisha? Akameza vikombe vyote. Alirudi mikono inatetemeka, moyo unamwenda mbio, anaongea kama cherehani.

Kesho yake akaniita jikoni, akamimina chai ya rangi kwenye mabakuli mawili. "Wewe usiye na adabu, nifundishe." Wiki nzima tulifyonza chai kwa kelele na kuitema migombani. Jirani alipotuona akashika kiuno: "Uzee huu, jamani!"

"Elimu haina mwisho, mama," Bibi akamjibu. "Mwenye mwisho ni mimi."

Siku ya mtihani nilichungulia dirishani. Bibi akafyonza mpaka wenzake wakageuka. Akatema bila haya. Kikombe cha nne akakinusa mara mbili, akasema, "Hii ilichelewa kutolewa majini. Kwa siku moja."

Mwalimu akaangalia daftari lake, akasimama. "Zote umepatia. Shikamoo tena, Bibi."

Nilipiga vigelegele kule nje nikafukuzwa, na sijutii mpaka leo.

Kiwanda kile hakipo tena. Mibuni mingi imeng'olewa, na palipokuwa na mabirika ya saruji ya kuoshea kahawa pamejengwa nyumba za kupanga. Bibi naye ametangulia, na ninamkumbuka sana. Ila kazini hakuna aliyemfukuza. Aliondoka mwenyewe magoti yalipochoka, akiwa ameshawafundisha akina mama saba kutema.