Dumu Juu ya Paa

Jumamosi, tarehe 15 Februari 2025. Mvua ilinyesha kwenye milima ya Mwese usiku kucha, ikakatika asubuhi. Mawingu yalibaki chini, na barabara ya kushuka Mpanda ikawa utelezi mtupu.

Dionizi Kapama ana miaka arobaini na saba. Anaendesha gari kwenye milima hiyo tangu alipoacha kulima mpunga kwao Kibaoni. Gari lake ni fowili kuukuu, linalovuta kwa magurudumu yote manne, la petroli. Mwezi uliotangulia pampu ya mafuta ilikufa, naye akafanya wanavyofanya madereva wengi wa huko: alifunga dumu la lita tano juu ya paa kwa raba za tyubu, akapitisha mpira mwembamba hadi kwenye injini, petroli ikawa inashuka yenyewe. Hakuweka hata koki.

Siku hiyo alibeba abiria wawili tu. Mbele, kushoto, alikaa Aneth, mdogo wa mke wake, aliyekuwa anakwenda Mpanda kliniki na mimba ya miezi sita. Nyuma alikaa Maiko, mrina asali wa Ugalla, na ndoo zake na kopo la moshi la kufukuzia nyuki.

"Dereva, mtoto wako bado ananyonya?" Maiko aliuliza, akilitazama dumu.

"Akishiba hasumbui. Wewe panda."

"Siku ukimwachisha ziwa uniite, nilete kuku."

Aneth alicheka mpaka akashika tumbo.

Kwenye kona ya tatu ukingo wa barabara ulimeguka. Magurudumu ya nyuma yalishuka kwanza, gari likateleza kiubavu, likalala upande wa kushoto. Dionizi alijikuta ananing'inia kwenye usukani. Alizima ufunguo. Kukawa kimya, halafu akasikia kitu kinadondoka.

Mpira ulikuwa umechomoka kwenye injini. Dumu lilikuwa bado limefungwa, bado lina mafuta, na petroli ilikuwa inamwagika juu ya injini ya moto na kuchuruzika hadi kwenye kitenge cha Aneth.

"Shemeji, mguu wangu umebanwa. Naungua."

"Huungui. Ni petroli, inawasha ngozi. Tulia hapo hapo."

Dionizi alitokea dirishani. Wanaume wanne waliokuwa wanapalilia mahindi walikuwa wameshafika na kushika bodi. Kule Mwese gari likianguka watu hawaulizi, wanalinyanyua.

"Haya, moja, mbili..."

"Acheni! Msiliguse!"

"We dereva umechanganyikiwa? Dada wa watu anaumia humo!"

"Mkilirudisha, petroli yote inaingia kwenye injini. Nyie mnataka aungue?"

Waliachia, wakinung'unika. Hapo ndipo Dionizi aliposikia harufu ya moshi.

"Maiko! Kopo lako la moshi liko wapi?"

Maiko alikuwa ametoka kwa mlango wa nyuma, damu inamtoka puani. Warina asali hawapendi kuzima kopo njiani. Huliziba kwa majani mabichi ili makaa yalale hadi kwenye mizinga inayofuata.

"Liko ndani," alisema. "Nililiziba."

Hakungoja kuambiwa. Aliingia kwa magoti, akatoka amelikumbatia, uzi mwembamba wa moshi ukimfuata, akakimbia kupanda mlima, mbali na petroli. Walimwona akilifukia kwenye tope kwa mikono yote miwili.

Dionizi alikunja mpira na kuubana kwa ngumi. Petroli ikakoma. Mmoja wa wale wanaume alikata raba, akalibeba dumu kama mtu aliyebeba nyoka. Ikabaki betri. Waya ukivutwa vibaya hutoa cheche, na hewa ya pale ilikuwa inachoma macho. Dionizi alihakikisha taa zimezimwa, akangoja upepo upeperushe ile harufu, akasikia Aneth anasali kwa sauti ndogo. Akauzungusha waya polepole ukatoka.

Hakikutokea kitu.

Ndipo walipokivuta kiti nyuma, wakamtoa Aneth kwa mlango wa nyuma, mguu umevunjika, ngozi ya mapaja nyekundu. Aliuliza swali moja tu.

"Mtoto?"

Jibu alilipata jioni, hospitalini Mpanda, muuguzi aliposema mapigo ya moyo anayasikia vizuri.

Romana, mke wa Dionizi, alikuwa amesimama mlangoni mwa wodi. "Ulimpakia mdogo wangu chini ya petroli," alisema. "Kila siku nakuona unalijaza lile dumu, na mimi nikanyamaza." Kisha akaingia ndani.

Asubuhi yake, Jumapili, Dionizi alikichukua kitenge cha Aneth kwenye mfuko. Nyuma ya hospitali ndugu wa wagonjwa walikuwa wanapika uji kwenye mafiga. Alizunguka mbali na moto wao, akaenda hadi bomba la mwisho, akakifua, akakinusa, akakifua tena. Halafu akakianika peke yake kwenye ua wa michongoma, akakaa chini kukilinda.